Kilimo Endelevu na Maendeleo ya Vijijini: Mfano wa Ngitili za Shinyanga

Kilimo endelevu ni kilimo na ufugaji unaokidhi mahitaji ya leo bila kuharibu ardhi, maji na misitu ambayo vizazi vijavyo vitaitegemea. Watahiniwa wengi hukariri maana hii, lakini hukwama wanapotakiwa kutoa mfano. Mfano mmoja mzuri ni ngitili za mkoa wa Shinyanga, Tanzania.

Chanzo cha tatizo

Zamani Shinyanga ilikuwa na misitu mingi ya miombo na migunga. Wakati wa ukoloni misitu hiyo ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Kupanuka kwa mashamba ya pamba, wingi wa mifugo na ukataji wa kuni viliongeza uharibifu. Katika miaka ya 1970, watu walipohamishiwa katika vijiji vipya, wengi waliziacha ngitili zao. Udongo ulimomonyoka, malisho yakapungua, na wanawake wakalazimika kwenda mbali kutafuta kuni.

Ngitili ni nini?

Ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga wakati wa masika ili nyasi na miti iote. Hufunguliwa kiangazi, malisho ya kwingine yanapokwisha. Ngitili huweza kuwa ya kaya au ya kijiji.

Hatua zilizochukuliwa

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI). Pamoja na kuhimiza upandaji wa miti, mradi ulifufua ngitili, mbinu ambayo wananchi waliijua tayari. Kanuni zilipangwa na wanakijiji wenyewe, pamoja na baraza lao la jadi, dagashida. Sungusungu walisaidia kuzisimamia. Mwanzoni ngitili zilizofahamika zilikuwa kama hekta 600 tu. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, zilikuwa zimezidi hekta 300,000.

Faida kwa jamii

(i) Mifugo ilipata malisho wakati wa kiangazi.
(ii) Kuni, miti ya kujengea, dawa za asili na asali vilipatikana karibu na nyumbani.
(iii) Baadhi ya vijiji vilitumia mapato ya ngitili kujenga madarasa.

Upungufu

Kaya zenye ardhi kubwa zilinufaika zaidi kuliko kaya maskini. Aidha, ongezeko la watu na mifugo huzidi kuzibana ngitili.

Zingatia

Usiishie kuandika kwamba "wananchi walishirikishwa". Eleza kwa nini ushirikishwaji ulileta matokeo: aliyetunza ngitili alijua kwamba nyasi na kuni zake zingemfaa yeye na kijiji chake, hivyo alikuwa na sababu ya kuilinda hata pasipo na afisa wa kumsimamia.

Swali la kujipima

Kwa kutumia mfano wa Shinyanga, jadili kauli kwamba hifadhi ya ardhi haiwezi kudumu bila kuinua maisha ya wanakijiji.