Kuisoma Picha ya Misheni: Kutoka Kaimosi hadi Lwakhakha

Mhakiki wa fasihi huuliza nani anasema, anamwambia nani na kwa nini. Maswali hayo yanazifaa pia picha za kale za misheni za magharibi mwa Kenya, ambazo aghalabu huchapishwa kama ushahidi usiohitaji ufafanuzi.

Mwaka 1902 Wamarekani watatu wa Kanisa la Marafiki, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifungua kituo Kaimosi. Baadaye kazi hiyo ilienea hadi Lugulu, katika nchi ya Wabukusu, ambayo huishia Lwakhakha, penye mto unaowatenga na jamaa zao Wamasaaba wa Uganda. Misheni hii ilihubiri na kupasua mbao pia. Ndiyo maana picha za aina hii hupenda kuonyesha kazi. Hadhira yake haikuwa wenyeji. Ilikuwa waumini wa Marekani, ambao sadaka zao ziliiendesha misheni. Kwa hadhira hiyo ndipo inapoeleweka safu ya wavulana wenye mashati meupe, au nyumba ya matofali kando ya msonge. (Sura zilizokazana zisidhaniwe upesi kuwa uchaji: kamera za siku hizo zilimtaka mtu atulie tuli.)

Maelezo yaliyoandikwa chini ya picha yana uzito zaidi. Mmisionari hutajwa kwa jina. Mwafrika, mara nyingi, ni “mpishi” au “mwongofu” tu. Tena picha hunyamazia yajayo. Elijah Masinde alilelewa katika Kanisa la Marafiki, kisha akaongoza Dini ya Msambwa, iliyopigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1948. Safu ya mashati meupe haimwonyeshi atakayelivua lake.

Leo Chuo Kikuu cha Southern California kinahifadhi picha nyingi za misheni mbalimbali kwenye intaneti, hivyo zinaweza kutazamwa kwa simu hata Lwakhakha. Wanaoweza kuzitambua sura hizo wanazidi kupungua. Mtafiti anayewafikia wazee aulize jina, ukoo na rika. Wabukusu wana marika manane, kuanzia Kolongolo hadi Sawa, na tohara yao hufanyika katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Mzee akisema kwamba “mpishi” alikuwa wa rika la Chuma, picha isiyo na tarehe huanza kupata mwaka wake.