JUU YA NINI TUNAFUNGA MIPERA YETU KWENYE SENG'ENGE

Tangu muhula wa kwanza maulizo ni yale yale. Mtu anapita njia ya kisimani, anaona mipera 12 kwa mstari, matawi yamenyoshwa huku na huku kama mikono, yamefungwa kwa kamba juu ya seng'enge, na anasema: "Ninyi watu wa komite ya bustani, juu ya nini munatesa miti hivi?" Wadogo wa mwaka wa kwanza wanasema mipera yetu iko gerezani. Wengine hawaulizi kitu, wanafungua kamba tu wakati wa jioni. Basi komite ilikubali tuandike katika gazeti letu, kila mtu asome, halafu aseme kama ni mateso ao ni kazi yenye akili. Tuko na haraka kidogo, na sababu yake tutaieleza chini.

Kwanza tutazame mpera ulioachwa kujiendea wenyewe. Sisi wote tunaujua. Unapanda juu, matawi yanasongamana katikati, jua haliingii, na mapera mazuri yako kule kwenye ncha ambako mkono haufiki. Mapera yale yanaliwa na popo na ndege. Yanayobaki, watoto wanayapandia, tawi linavunjika, na pera lenyewe likifunguliwa liko na funza ndani, kwa sababu nzi wa matunda alitaga mayai yake humo na hakuna mtu aliyeweza kufika kulifunika. Mwaka mzima mti mkubwa vile, na mtu wa interna hapati hata pera moja nzima kwenye sahani yake. Na tunajua sahani yetu: fufu na maharagwe, fufu na sombe. Pera liko na vitamini C karibu mara nne kuliko chungwa la uzito ule ule. Kwa hiyo mstari ule wa kisimani si mapambo ya kuonyesha wageni.

Kazi hii si sisi tulioizua. Huko Ufaransa, Versailles, mfalme Louis XIV alitengenezewa bustani ya chakula kati ya 1678 na 1683, na msimamizi wake alikuwa Jean-Baptiste de La Quintinie. Miti mingi ya matunda ilifungwa imelala bapa juu ya kuta za mawe. Kule baridi ni kali. Ukuta unakunywa joto la jua mchana na kulirudisha usiku, na matunda yanaiva ambapo yangeharibika. Hapa kwetu hatukosi joto, na ukuta hatuna haja nao. Tulichochukua kwao ni jambo lingine: tawi likilala, mti unabadilisha kazi yake.

Namna gani? Tazameni tawi lolote. Pale kila jani linaposhikana na tawi kuko jicho dogo. Jicho lile linaweza kuwa tawi jipya, lakini mara nyingi limelala tu, halitoki. Linazuiwa na ncha ya juu. Ncha ndiyo mkubwa wa nyumba: maadamu iko juu ya wengine wote, wadogo wananyamaza. Mwaka 1928 Mholanzi Frits Went alionyesha kwamba ncha ya mmea inatoa dawa fulani inayoshuka chini, nayo ikaitwa oksini. Miaka ya 1933 na 1934 Thimann na Skoog, katika Marekani, walikata ncha za maharagwe makubwa, na macho ya pembeni yakaamka. Wakaweka oksini mahali pa ncha iliyokatwa, macho yakarudi kulala. Kisha mwaka 2014 wachunguzi waliofanya kazi na njegere waliongeza jambo: ncha inavuta sukari ya mmea kwake, na macho ya chini yanakaa na njaa, ncha ikiondoka, sukari inayafikia upesi, na hilo ndilo linaloyaamsha kwanza.

Mwenye kutaka ushahidi wa karibu aende aone mpera wa tisa. Mtu fulani aliukata kwa panga, hatujui kwa sababu gani. Chini ya kidonda yametoka machipukizi matano, yote yanakimbilia juu, kila moja linataka kuwa mkubwa. Ndivyo kisu peke yake kinavyofanya: unaondoa mtawala mmoja, unapata watano wanaogombana. Lakini tawi likilazwa, ncha iko pale, hai, ila haiko tena juu ya wengine. Nguvu yake ya kuzuia inapungua, mwendo wake unapoa, na macho yote ya mgongo wa tawi yanaamka kidogo kidogo. Kwa ajili hiyo katika kazi yetu kamba inatangulia, makasi yanafuata.

Na mpera unafaa kwa kazi hii kuliko miti mingi. Maua yake hayatoki kwenye tawi la zamani, yanatoka kwenye chipukizi jipya, pale majani yake yanaposhikana na tawi. Macho mengi yakiamka, machipukizi ni mengi. Machipukizi mengi, maua mengi. Huko Bangladesh na katika jimbo la West Bengal la India wakulima wanainamisha matawi ya mipera kwa makusudi ili ichanue. Tena majani ya mpera yanakaa mawili mawili, moja linatazamana na lingine. Ukichagua vizuri, jozi moja inakupa mkono wa kuume na mkono wa kushoto. Ni kama mti uliumbwa ukingojea seng'enge.

Tulifanya hivi. Nguzo ni za mikaratusi. Seng'enge ni tatu, ya kwanza nusu meta kutoka chini, ya pili meta moja, ya tatu meta moja na nusu. Kati ya mti na mti tuliacha meta tatu. Mche ulipopita seng'enge ya kwanza tulikata kichwa chake chini kidogo ya seng'enge, juu ya macho mazuri. Yalipotoka machipukizi tulibakiza matatu: moja liende juu kutafuta seng'enge ya pili, mawili yaende pembeni. Mengine tuliyaondoa kwa kidole gumba yakiwa bado laini, bila kisu, bila kidonda. Kwenye seng'enge ya pili ni vile vile, na ya tatu vile vile, ila pale juu hakuna tena wa kupanda.

Hapa ndipo watu wanaharibu, kwa hiyo msome polepole. Chipukizi la pembeni halilazwi bapa siku moja. Likilazwa mapema linaacha kukua, nanyi mtabaki na mkono mfupi. Tunalifunga kwanza kwenye ufito wa mwanzi uliosimama mshazari, nusu ya kusimama na nusu ya kulala, miezi miwili ao mitatu, lirefuke. Halafu tunalishusha. Kama mkono mmoja ni mnene na mwenzake ni dhaifu, hatukati mnene: tunashusha ufito wa mnene na kuinua ufito wa dhaifu. Yule aliyeinuliwa anapata nguvu, yule aliyeshushwa anatulia, na baada ya majuma machache wanalingana. Ni kama mizani ya sokoni, ila hii inapima kwa kamba.

Wakati wa kukunja unaujua kwa kugusa. Chipukizi changa la mpera halina umbo la duara; liko na pembe nne, na rangi yake ni ya kijani. Likiwa bado na pembe linakubali kila kitu. Likishakuwa duara na la kahawia, ni mti kamili: unalivuta, linapasuka pale linaposhikana na shina. Kamba inazungushwa mfano wa namba 8, seng'enge upande mmoja, tawi upande mwingine, kusudi chuma kisisugue ganda. Na iachwe nafasi ya kidole kimoja, maana tawi linanenepa. Kamba iliyosahauliwa inaingia ndani ya nyama ya mti. Kila mwezi mtu apite aangalie.

Mikono ikishalala, machipukizi yatasimama mgongoni mwake kama meno ya kitana. Si yote ya kubakiza. Tunaacha nafasi ya shubiri moja kati ya moja na jingine, lakini majani ya kutia kivuli yawepo, kwa sababu mkono uliolala ukiwa uchi jua linaunguza ganda lake. Chipukizi lililokwisha kuzaa linakatwa, jozi mbili za majani zibaki; kutoka pale latoka jipya, na jipya ndilo la maua. Msome kwa uangalifu vitabu vya Ulaya vinavyosema juu ya mtofaa: mtofaa unazaa juu ya vijiti vifupi vya zamani vinavyotunzwa miaka mingi. Mtu akitunza vijiti vya zamani vya mpera, atatunza kuni. Makasi yawe makali, yapanguswe kwa alkoli kabla ya kwenda mti mwingine. Panga hapana. Na wale waliotuuliza kama tutafanya vile na mwembe ao avoka: mwembe unachanua kwenye ncha za matawi, ukikata ncha umekata maembe, avoka iko na nguvu nyingi mno kwa seng'enge tatu. Ndimu tunaweza kujaribu.

Sasa tunakuja kwenye haraka yetu. Bwana Ekonome ametuambia wazi kwamba mahali pale panatosha matuta matatu ya maharagwe. Hatumkatalii, maharagwe yanashibisha, naye anahesabu midomo kila siku. Ametupa mavuno moja: mwezi wa tatu ao wa nne mwakani vikapu visipoonekana, mipera itang'olewa. Hesabu inawezekana. Mvua inarudi mwezi wa tisa. Mti uliokatwa mwisho wa mwezi wa nane unachipuka na mvua hiyo, unachanua mwezi wa kumi ao wa kumi na moja, na kutoka ua mpaka pera kuiva ni miezi minne ao mitano. Lakini mwezi wa nane ni likizo. Tena komite ni watu saba, na watano kati yetu tunafanya egzameni ya Serikali mwaka huu, hatutarudi. Miti minne imekwisha kufika seng'enge ya tatu. Saba iko kwenye ya pili, na machipukizi yake bado yana pembe leo, mwezi ujao hayatakuwa nayo. Mpera wa tisa utabakizwa machipukizi matatu na kuanza upya.

Tunaomba watu wawili kwa kila mti kutoka madarasa ya chini yetu, na kati ya hao wanane wawe wenye kukaa karibu na shule wakati wa likizo. Siku ya Alhamisi, saa ya kazi ya mikono, tutakuwa pale kisimani na makasi mawili na fito. Kila mmoja atafunga tawi moja mbele yetu, atalifungua, atalifunga tena. Anayetaka kujua kwa nini aulize pale pale. Kamba za migomba ziko katika chumba cha majembe, fungu la kushoto. Wawili wa interna watangulie kuziloweka maji Jumatano usiku, maana zikifungwa kavu zinakatika.