Kutafuta Ukinzani na Nguvu ya Umeme Ukipewa Volti na Ampea

Mtahiniwa, mada hii ina kanuni mbili tu za kukariri, na bado kila ninaposahihisha mitihani ya majaribio naona alama nyingi zikipotea hapa. Hazipotei kwa kusahau kanuni. Zinapotea kwa sababu mwanafunzi anaingiza namba kwenye kanuni kabla ya kujiuliza namba hizo zimetoka wapi. Karatasi ya mtihani itakuja kwa Kiingereza, lakini herufi V, I, R na P ni zilezile, kwa hiyo tuzielewe kwanza kwa lugha tunayoongea nyumbani.

Kanuni ya kwanza ni R = V ÷ I. Volteji (V) hupimwa kwa volti, nayo ndiyo inayosukuma chaji zipite kwenye waya. Mkondo (I) hupimwa kwa ampea, nao ni kiasi cha chaji kinachopita kila sekunde. Ukinzani (R) hupimwa kwa omu, nao unaonyesha jinsi kifaa kinavyozuia mkondo. Kanuni ya pili ni P = V × I. P ni nguvu ya umeme, kwa wati. Usiichanganye na kani: wati 1 ni jouli 1 ya nishati inayotumika kila sekunde.

Chukua swali jepesi. Voltimita iliyounganishwa sambamba na kikinzani inasoma 6.0 V, na amita iliyo kwenye mfululizo nacho inasoma 250 mA. Tafuta R na P.

Mwenye haraka ataandika 6 ÷ 250 = 0.024 Ω. Herufi ndogo "m" imemponza, maana 250 mA ni 0.25 A. Jibu sahihi ni R = 6.0 ÷ 0.25 = 24 Ω, na P = 6.0 × 0.25 = 1.5 W. Angalia pia kwamba lile jibu la kwanza lilikuwa linapiga kelele kuwa si sahihi: 0.024 Ω ni ukinzani wa kipande cha waya wa shaba chenye urefu wa karibu mita moja na nusu na eneo la mkato la milimita mraba 1. Hakuna anayekiita kipande hicho kikinzani.

Sasa swali ninalolipenda, kwa kuwa umeshaliona nyumbani. Pasi imeandikwa 230 V, 1000 W. Jioni umeme unakuwa mdogo, volteji inashuka hadi 180 V, na pasi haipati moto vizuri. Nguvu yake sasa ni wati ngapi?

Wengine wataandika 1000 W kwa sababu ndivyo kibandiko kinavyosema. Lakini kibandiko kinasema pasi hutumia 1000 W ikipewa 230 V, basi. Wengine hutafuta mkondo kwanza, I = 1000 ÷ 230 = 4.35 A, halafu wanazidisha 180 × 4.35 na kupata 783 W. Hesabu safi, jibu si sahihi. Wametumia volteji ya jioni pamoja na mkondo wa wakati umeme ukiwa mzima. Volteji ikishuka, mkondo nao hushuka.

Kwa hiyo jiulize: ni kitu gani hakijabadilika? Ni waya wa joto ulio ndani ya pasi. Ukinzani wake haubadiliki sana, na hapa tunauchukulia kuwa uleule. Anza nao:

R = V ÷ I = 230 ÷ 4.35 = 52.9 Ω
Mkondo wa jioni: I = 180 ÷ 52.9 = 3.40 A
Nguvu ya jioni: P = 180 × 3.40 = 612 W

Volteji imepungua kwa karibu asilimia 22, nguvu imepungua kwa karibu asilimia 39. Ndiyo maana shati linakataa kunyooka.

Tahadhari moja: usiitendee balbu ya waya hivyo. Waya wake ukiwaka hupata joto kali sana, na ukinzani wake ukiwa baridi ni kama sehemu ya kumi tu ya ule wa ikiwaka, au pungufu. Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyefundisha sekondari mjini Cologne (mwalimu mwenzangu, kwa hiyo namtaja kwa fahari) na kuchapisha kanuni yake mwaka 1827, anakubaliwa pale tu joto lisipobadilika.

Mwisho kuna fumbo linalowasumbua hata wanafunzi wazuri. Ukiunganisha kanuni zetu mbili unapata P = I²R na P = V² ÷ R. Ya kwanza inaonyesha ukinzani mkubwa unaleta nguvu kubwa. Ya pili inaonyesha kinyume. Zote ni kweli. Kwenye mfululizo vikinzani hugawana mkondo mmoja, basi tumia I²R. Kwenye sambamba hugawana volteji moja, basi tumia V² ÷ R. Weka 2 Ω na 4 Ω kwenye betri ya 12 V. Kwa mfululizo mkondo ni 2 A, nguvu ni 8 W na 16 W: cha 4 Ω kinapata moto zaidi. Kwa sambamba nguvu ni 72 W na 36 W: sasa cha 2 Ω ndicho kinachoongoza. Vifaa vya nyumbani huunganishwa sambamba, kwa hiyo hita ya 2000 W ina ukinzani mdogo kuliko ya 1000 W.

Jaribu mwenyewe kabla ya kufunua ukurasa: hita imeandikwa 240 V, 1500 W. Tafuta ukinzani wake, kisha mkondo na nguvu yake ikipewa 200 V. (Majibu: 38.4 Ω, 5.21 A, 1042 W.)