Video za Usiku wa Ugalla: Namna ya Kuhifadhi Kijivu (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi kamera ya mtego inavyofanya kazi porini: kihisi hutambua mwili wenye joto unaopita, taa za infraredi huwaka, na kwa kuwa mwanga huo hauna rangi ya kuonekana, video ya usiku hutoka nyeusi, nyeupe na kijivu tu. Leo tunaingia katika jambo ambalo wengi huliachia programu iamue yenyewe: video hiyo ikisimbwa upya kwa ajili ya kuhifadhiwa, pikseli zake ziandikwe kwa fomati ipi?

Mfano wetu ni bonde la Mto Ugalla, kusini magharibi mwa Tabora. Mwaka 1871, vita vya mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora vilipoifunga njia ya moja kwa moja ya misafara kwenda Ujiji, msafiri Stanley alilazimika kuzungukia kusini, kupitia Ugunda na Ukonongo, katika miombo ya upande huu. Tangu 2019 Ugalla ni hifadhi ya taifa. Chui, fisi, palahala na korongo bado wapo, na baadhi yao hutembea saa ambazo binadamu amelala. Mtafiti anayetaka kuwajua hutegemea kamera.

Pikseli ya picha ya kijivu ni namba moja tu. Kwa biti 8, sifuri ni nyeusi kabisa na 255 ni nyeupe kabisa. Fremu ya pikseli 1920 kwa 1080 ina namba 2,073,600, yaani baiti hizo hizo. Fomati hiyo katika programu ya FFmpeg huitwa gray. Ukiiandika fremu hiyo hiyo kwa nyekundu, kijani na buluu, inafika baiti 6,220,800 bila kuongeza habari yoyote. Kati ya hizo mbili iko yuv420p, ambayo ndiyo inayotumiwa na video karibu zote za simu na televisheni. Hiyo huandika mwangaza wa kila pikseli, kisha kwa kila pikseli nne huongeza namba mbili za rangi. Jumla ni baiti 3,110,400. Kwa video isiyo na rangi, theluthi nzima ya fremu ni namba 128 ikijirudia, sawa na msafara ambao theluthi ya wapagazi wake wamebeba masanduku matupu.

Hata hivyo, ukubwa wa faili si hoja nzito. Kodeki (kanuni ya kubana video) kama H.264 ikikutana na namba 128 zisizobadilika huzibana hadi zisionekane kwenye hesabu. Hatari iko kwenye mwangaza wenyewe.

Fomati ya gray hutumia wigo kamili, 0 hadi 255. Video ya yuv420p kwa kawaida hutumia wigo finyu: nyeusi ni 16 na nyeupe ni 235, urithi wa enzi za televisheni. Ukibadilisha kutoka gray kwenda yuv420p, programu huzikandamiza ngazi 256 ziingie katika 220. Ngazi 36 zinamezwa na jirani zake, na hazirudi. Hilo ni hasara ndogo. Hasara kubwa huja pale namba zinapobaki za wigo kamili lakini lebo ya faili ikasema ni finyu, au faili isiwe na lebo kabisa. Mali bila daftari hupotea bila habari: kichezeshi kitadhani kila namba iliyo chini ya 16 ni nyeusi tupu, na kila iliyo juu ya 235 ni nyeupe tupu.

Sasa fikiria chui anayepita chini ya mti wa mtundu, mbali kidogo na taa ya kamera. Watafiti humtambua chui mmoja na mwingine kwa mpangilio wa madoa ubavuni na begani, na hesabu ya idadi yao hujengwa juu ya utambuzi huo. Bega lililo kivulini huenda lina namba kama 6, 9, 11 na 14. Kwenye faili yenye lebo potofu, zote nne huonyeshwa kama nyeusi moja. Mnyama yupo, madoa hayapo, naye anaandikwa kuwa hajatambuliwa. Kwa maoni yangu kosa hili ni baya kuliko video kukatika, kwa sababu video iliyokatika kila mtu huiona.

Kamera za utafiti na za joto huleta swali jingine, kina cha biti. Kamera ya biti 12 hutofautisha ngazi 4,096, na za joto nyingi hutoa biti 14, ngazi 16,384. Mwaka 2016 shirika la uhifadhi la WWF lilianza kutumia kamera za joto kule Maasai Mara, Kenya, kuwasaka majangili usiku, na huko tofauti ndogo ya joto ndiyo inayomfichua mtu kichakani. Ukiishusha biti 12 kuwa 8, kila ngazi 16 zinakuwa moja. Kivuli kilichokuwa na ngazi 160 kinabaki na kumi. Kamera nyingi huweka biti hizo 12 ndani ya nafasi ya biti 16, upande wa chini. Ukizisoma kama gray16le (kijivu cha biti 16) badala ya gray12le (cha biti 12), namba kubwa kuliko zote itakuwa 4,095 kati ya 65,535, na picha itaonekana kama giza tupu. Usiifute: namba zote zimo, zimesomwa vibaya tu.

Ushauri wangu ni huu. Kwa kamera inayotoa namba ghafi, nakala ya kumbukumbu iwe gray, gray12le au gray16le, kulingana na kamera yenyewe, kwa kodeki ya FFV1. Hiyo haipotezi hata biti moja, na kanuni zake zilichapishwa rasmi mwaka 2021 kwa jina la RFC 9043, hivyo haimtegemei mtengenezaji mmoja. Nakala ya kutazama, ya kupeleka kwa wanakijiji au kwa mfadhili, iwe H.264 ya yuv420p yenye lebo sahihi ya wigo. H.264 inaruhusu kijivu pekee kuanzia wasifu (profile) wake uitwao High, lakini baadhi ya simu hushindwa kuicheza.

Kamera za mtego za kawaida zina habari tofauti. Hizo huibana video zenyewe kabla hujaigusa kadi, na kuibadilisha kuwa gray baadaye hakurudishi kilichopotea. Wewe unayekusanya kadi hizo, iwe Ugalla au kwingineko, tunza faili kama ilivyotoka kwenye kadi, fanya kazi zako kwenye nakala, na kabla ya kufuta chochote fungua fremu moja yenye giza uhakikishe namba za chini ya 16 zilizokuwemo bado zimo.