Fensi ya Stima ya Kuzuia Nyani na Ndovu: Hakikisha Pesa Yako Haiishii kwa Waya

Mahindi yakianza kubeba, familia nyingi za Mwatate, Rumuruti na Kieni huacha kulala vizuri. Usiku ni ndovu, mchana ni nyani. Baba anakesha na tochi na debe la kupigia kelele, mama anashinda shambani, na mara nyingine mtoto anakosa shule ili afukuze tumbili. Halafu mkilegea usiku mmoja tu, kundi la ndovu linamaliza chakula ambacho mlikuwa mnategemea kula na kuuza msimu mzima.

Ndiyo maana watu wengi wanaoishi karibu na mbuga na misitu wanafikiria kuweka fensi ya stima. Kwa familia ya kawaida hizo ni pesa nyingi, na siku hizi sehemu kubwa yake hupitia kwa simu: malipo ya kwanza ya fundi, waya, betri, paneli ya sola. Katika makala haya tunakueleza fensi hiyo inavyofanya kazi, kisha tunaangalia jinsi ya kupanga na kulipa bila kuumia. Kama utakumbuka jambo moja tu, basi liwe hili: fensi ya stima hainunuliwi mara moja ikaisha. Ukitumia shilingi yako ya mwisho siku ya kuijenga, baada ya miezi michache utabaki na waya wa kuanikia nguo.

Inafanyaje kazi?

Moyo wa fensi ni mashine ndogo ambayo mafundi huiita enajaiza. Inachukua umeme wa betri au wa stima ya kawaida, kisha inautuma kwenye waya kwa mapigo. Pigo moja hutoka karibu kila sekunde, na huisha hata kabla ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Volti kwenye waya zinaweza kufika 5,000 hadi 8,000, lakini kwa sababu pigo ni fupi mno na nguvu yake imepimwa, mnyama hushtuka, huumia na kurudi nyuma. Lengo ni akumbuke, asirudi tena.

Sasa, umeme huo lazima uwe na njia ya kurudi kwenye mashine. Nyani akishika waya, umeme unapita mwilini mwake, unaingia ardhini, halafu unarudi kupitia vyuma vilivyopigiliwa chini. Vyuma hivyo mafundi huviita athi. Kwa kawaida huwa angalau vitatu, vya aina isiyoshika kutu, na huachana kama mita tatu. Hapa ndipo fundi mwenye haraka hupunguza gharama, kwa sababu vikishaingia ardhini huwezi kuvihesabu. Athi ikiwa mbovu, hata mashine ya bei ghali itakuwa kama toi.

Ardhi ikikauka sana, kama inavyokuwa Taita kabla ya mvua, umeme haupiti vizuri kwenye udongo. Fundi anayejua kazi yake atapanga waya kwa zamu: mmoja wenye umeme, unaofuata umeunganishwa na athi. Mnyama akigusa yote miwili kwa pamoja, atapigwa hata kama ardhi ni kavu kama mfupa.

Kila mnyama na fensi yake

Kabla hujaomba bei, jua ni nani anakusumbua.

*Nyani na tumbili* wana akili na mikono. Wakipata tawi la mti linaloning'inia juu ya fensi, wataruka na hawatagusa waya hata mmoja. Kata matawi kwanza, ndiyo kazi ya bei rahisi kuliko zote. Waya ziwe karibu karibu, na nguzo za mbao zisiachwe wazi, maana watazipanda kama ngazi.

*Nungunungu na nguruwe mwitu* hupita chini. Usipoweka waya mmoja karibu na ardhi, watachimba na kuingia kwenye viazi kama kawaida.

*Fisi na chui* hufuata kuku, mbuzi na ndama. Mara nyingi unahitaji kuzungushia boma tu, si shamba lote, na hapo gharama inashuka sana.

*Ndovu* ndiye mgumu. Ana nguvu ya kuangusha mti juu ya fensi, na wengine hujifunza kukata waya kwa pembe zao, kwa sababu pembe haipitishi umeme vizuri kama mkonga. Fensi ya nyumba moja inaweza kumkatisha tamaa, lakini usiuziwe maneno kwamba itamzuia kabisa. Kule Sagalla, karibu na Voi, wakulima wamejaribu njia nyingine pamoja na shirika la Save the Elephants: mizinga ya nyuki inayoning'inizwa kwenye waya kuzunguka shamba. Ndovu akitikisa waya, nyuki wanatoka. Ndovu anaogopa nyuki, na mkulima anabaki na asali ya kuuza.

Usijaribu njia ya mkato

Hili tunalisema bila kuzunguka. Usichukue waya kutoka kwenye soketi ya nyumba ukaufunga moja kwa moja kwenye fensi. Umeme huo hauji kwa mapigo, unakuja mfululizo. Anayeugusa misuli hukaza na anaweza kushindwa kuachilia. Utaua mtoto wa jirani, ng'ombe wako mwenyewe, au wewe mwenyewe asubuhi ukienda kuangalia kama umenasa nyani. Na kuua mnyamapori bila kibali ni kosa la jinai.

Nunua enajaiza halisi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Weka mabango ya kuonya mahali watu wanapita, hasa karibu na njia ya shule. Waambie majirani siku utakayoiwasha.

Piga hesabu ya mwaka mzima

Tuchukue nusu eka, karibu mita 45 kwa 45. Mzunguko wake ni mita 180. Ukitaka waya sita, unahitaji mita 1,080 za waya. Ukiweka nguzo kila baada ya mita 5, ni nguzo 36, bila kuhesabu zile za kukazia kwenye kona na geti. Ukijua namba hizi kabla ya kumpigia fundi, hatakuuzia waya wa mita 2,000.

Hiyo ni siku ya kwanza. Baada ya hapo nyasi zitamea na kugusa waya wa chini, na kila jani linaloshika waya linakunywa umeme. Mvua ikinyesha wiki mbili bila kufyeka, fensi inakufa polepole bila wewe kujua. Betri itachoka baada ya miaka michache. Radi inaweza kuunguza mashine. Ng'ombe atavunja nguzo.

Angalia fensi ya Aberdare. Ilianza kujengwa 1989 ikakamilika 2009, na ina urefu wa karibu kilomita 400. Hadi leo inahitaji watu wa kuizunguka, kufyeka nyasi na kukaza waya. Kama fensi ya ukubwa huo haijitunzi, yako ya mita 180 nayo haitajitunza.

Nyani nao wanapima. Wakigundua kwamba waya haupigi, wanaambiana kwa vitendo, na kuwafundisha upya si kazi ndogo. Kwa hivyo fungua akiba ya fensi kwenye simu yako, mbali na pesa ya matumizi. Shilingi 20 kila siku ni shilingi 7,300 kwa mwaka. Betri ikikataa katikati ya msimu, hutaanza kukopa kwa haraka au kuuza mbuzi.

Nunua pia kipima volti cha fensi. Ni kifaa kidogo, lakini ndicho kinachokuambia ukweli kila jioni kabla ya kulala. Ikisoma chini ya volti 3,000, kuna mahali umeme unavuja. Tafuta.

Kulipa bila kuumia

1. Omba bei iliyoandikwa kwa vipengele. Waya mita ngapi, nguzo ngapi, mashine ya aina gani, athi ngapi, ufundi kiasi gani. Uliza mafundi wawili au watatu. Bei ya jumla peke yake haikuambii kitu.

2. Vifaa lipia dukani wewe mwenyewe. Tumia namba ya till au ya paybill ya duka. Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kukamilisha malipo. Ukiambiwa "tuma tu kwa namba hii ya kijana wa stoo", simama hapo hapo na uulize kwa nini.

3. Ufundi lipa kwa awamu. Kwa mfano, sehemu ya kwanza nguzo zikisimama, ya pili waya zikifungwa, ya mwisho baada ya kupima. Kabla ya awamu ya mwisho, enda na fundi hadi mahali pa fensi palipo mbali zaidi na mashine, apime mbele yako. Na akuonyeshe athi zikipigiliwa, kabla hazijafunikwa.

4. Usifute meseji za malipo. Zipige picha ya skrini na uziweke pamoja na risiti za duka. Hapo chini utaona kwa nini.

5. Ukikosea namba, wahi. Piga simu kwa huduma kwa wateja mara moja, kupitia namba rasmi. Usipigie namba uliyotumiwa na mtu usiyemjua. Na hakuna mfanyakazi wa kweli atakayekuuliza namba yako ya siri.

Mkiwa majirani

Fensi moja ya boma tano ni nafuu kuliko fensi tano. Enajaiza moja yenye nguvu inatosha, na mzunguko unakuwa mfupi. Shida huwa pesa. Mmoja anachanga, mwingine anasema amesahau, na mweka hazina anaanza kushukiwa hata kama ni mtu safi.

Fungueni akaunti ya kikundi, kila mmoja atume mwenyewe, na taarifa ya akaunti isomwe mbele ya wote kila mwezi. Pesa ikitoka, iwe kwa idhini ya zaidi ya mtu mmoja. Pangeni pia zamu ya kufyeka na kupima. Asiyeweza kuchanga mwezi huu anaweza kutoa siku mbili za kazi, na hilo liandikwe pia.

Meseji zako na fidia

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inaruhusu mtu kudai fidia mnyama anayetajwa na sheria hiyo akiharibu mazao, mifugo au mali, na pia akijeruhi au kuua mtu. Kwa kifo, kiwango kilichowekwa ni shilingi milioni 5. Ripoti hupelekwa kwa KWS na dai hupitia kwenye kamati ya kaunti.

Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba kwa mazao, mifugo na mali, fidia haitalipwa kama mwenyewe hakuchukua hatua zinazofaa kujikinga. Sasa unaona kazi ya zile meseji? Malipo ya waya ya mwezi wa tatu, ya betri ya mwezi wa nane, mchango wa kila mwezi wa kikundi: zote zinaonyesha kwamba ulijaribu. Ongeza picha za uharibifu zilizopigwa siku hiyo hiyo, na uripoti bila kuchelewa.

Mtu akikupigia akidai fidia yako iko tayari ila utume kwanza "pesa kidogo ya kusukuma faili", kata simu. Enda mwenyewe kwenye ofisi ya KWS iliyo karibu nawe ukaulize dai lako limefika wapi.

Kwa hivyo, kabla ya msimu ujao, fanya mambo matatu wiki hii: pima mzunguko wa shamba lako kwa hatua, andika ni mnyama gani anakusumbua na anapitia wapi, na uanze ile akiba ya shilingi 20. Fundi akija, atakukuta unajua unachotaka.