Safari ya Uswidi huanzia kwenye mauzo ya pamba

Mwezi Januari watu wa Bariadi, mkoani Simiyu, wako shambani. Pamba iliyopandwa Novemba na Desemba inadai palizi, shule zinafunguliwa, sare na madaftari vinasubiri kununuliwa, na pesa ya msimu uliopita imeshakwisha. Wiki hizo hizo ndipo dirisha la maombi ya shahada ya uzamili katika vyuo vikuu vya Uswidi hufungwa.

Nilikuwa kwenye steshenari moja mjini hapa alipoingia mwalimu wa sekondari na bahasha ya kaki, akitaka vyeti vyake viskaniwe. Kijana wa mashine akavitazama kimoja kimoja, kisha akauliza kwa adabu: "Samahani mwalimu, hivi vyote ni vya kwako?" Kwenye cheti cha kuzaliwa jina la baba limeandikwa Ng'wandu, kwenye cha kidato cha nne, Mwandu. Kwetu Usukumani hilo halimshangazi mtu, maana karani mmoja aliandika alivyosikia na mwingine akalifanya la Kiswahili. Ofisa anayepitia mafaili Stockholm hawezi kulijua hilo. Mwalimu alihitaji kiapo cha wakili, na zilikuwa zimebaki siku tatu dirisha lifungwe.

Nimeandika makala haya kwa ajili yake na wenzake, kwa sababu naamini Simiyu ina watu wengi wanaostahili nafasi zile kuliko wanaoziomba.

Kwanza tuseme ukweli kwa waliomaliza kidato cha sita: kwa shahada ya kwanza, ufadhili kamili Skandinavia ni adimu mno. Zamani masomo yalikuwa bure. Denmaki ilianza kuwatoza ada wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya mwaka 2006, Uswidi mwaka 2011, na Norwe, iliyovumilia kuliko wote, mwaka 2023. Ule mpango wa Norwe uliowachukua Waafrika wengi kwa mgawo maalumu nao ulifungwa mwaka 2016. Mlango uliobaki wazi ni wa uzamili, na mpana zaidi ni ufadhili wa Taasisi ya Uswidi kwa wataalamu walio kazini, ambao Tanzania imekuwa miongoni mwa nchi zinazoruhusiwa kuuomba. Unalipa ada yote ya chuo, na kwa miaka ya karibuni umetoa posho ya krona 12,000 kwa mwezi, bima na fedha ya safari. Familia haigharimiwi, mwenye watoto alijue hilo mapema.

Sharti linalowatisha wengi ni saa 3,000 za kazi. Zigawe kwa saa 40 za wiki: ni wiki 75, yaani mwaka mmoja na nusu hivi. Mwalimu aliyeajiriwa miaka miwili iliyopita ameshazipita. Sharti la pili ni uongozi, na hapa ndipo watu wetu wanapojinyima wenyewe. Bwana shamba aliyesimamia vipando Nane Nane pale Nyakabindi ameongoza. Muuguzi aliyepanga zamu za chanjo ya mkoba katika vijiji vya Meatu ameongoza. Katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, aliyesimamia mizani na malipo ya wakulima ameongoza. Lakini ukimuuliza, atakujibu, "Mimi ni mtumishi wa kawaida tu." Kazi hiyo inatakiwa iwe kwenye karatasi, imesainiwa na kugongwa muhuri. Na bosi wa kusaini anaweza kuwa kwenye semina Dodoma siku unayomhitaji.

Watu wa kaskazini mwa Ulaya hawakuanza leo kufika kwetu. Mwaka 1963 nchi za Nordiki zilishirikiana na Tanganyika kuanzisha kituo cha Kibaha, kikakabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Malampaka, wilayani Maswa, ni mmojawapo wa vyuo vilivyotokana na wazo lililochukuliwa Uswidi miaka ya 1970. Na ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayotengwa na kuhifadhiwa, zilizorudisha malisho na miti Usukumani zilihuishwa na HASHI, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 na baadaye kupata fedha za Norwe, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado mkoani Shinyanga. Mtu wa hapa anayetaka kusomea ardhi, maji au tabianchi ana hoja ya kuandika kwenye barua yake ambayo mwombaji wa mjini hana. Aianze na ngitili ya babu yake.

Utaratibu wenyewe una hatua mbili. Kwanza unaomba chuo kupitia universityadmissions.se, kuanzia Oktoba hadi katikati ya Januari, ukichagua programu zisizozidi nne. Ada ya maombi ni krona 900, zaidi ya shilingi 200,000. Kisha Februari unaomba ufadhili wenyewe, na huo haulipiwi hata senti. Kwa hiyo kishoka anayekuambia umtumie pesa kwa simu "akushikie nafasi" ni mwizi, hata kama ni ndugu wa rafiki yako.

Sasa rudi kwenye kalenda. Pesa ya pamba huingia kuanzia Mei na Juni. Maombi yanaidai Januari. Wanaosubiri Januari hukuta mfuko mtupu na jina bado lina kasoro. Basi ninakuomba, ndugu msomaji: mauzo ya mwaka huu yakilipwa, kabla ya mabati na kabla ya pikipiki, toa shilingi 150,000 uombe pasipoti Uhamiaji. Wiki hiyo hiyo vitandaze vyeti vyako vyote juu ya meza, usome jina lako herufi kwa herufi.