Mchana Tanga, Usiku Udi

Wageni wengi wa Tamasha la Utamaduni la Lamu, ambalo kwa kawaida hufanyika Novemba, hukimbilia viti vya kivulini karibu na jukwaa la waheshimiwa. Mimi hapo hunioni. Hotuba za tamasha hazina bandari. Tafuta upenu wa ukuta mahali mashua za mashindano zinapogeukia boya, chukua maji yako ya kunywa, ukae.

Mimi nilifuata taarab. Nimezaliwa Mombasa, katika nyumba iliyopiga kanda za Zein l'Abdin mpaka zikakatika, na bingwa huyo wa udi, aliyefariki 2016, alikuwa mzaliwa wa Lamu. Mashua sikuwa na habari nazo. Kwangu zilikuwa za kubebea mchanga na boriti.

Siku ya mashindano hazibebi mzigo, lakini hazitoki tupu. Ndani hupangwa viroba vya mchanga, hiyo ndiyo farumi, na upepo ukibadilika mabaharia huvihamisha mbio upande wa juu. Vijana wengine hutambaa kwenye ubao uliotokeza nje ya chombo, wakakaa hukohuko juu ya maji, uzito wao ukikizuia kisilale. Kwenda na upepo ni rahisi. Kazi iko kwenye kubisha, yaani kuupanda upepo kwa kukata huku na huku. Kila mkato una rabsha yake: demani, yaani kamba ya tanga, inafunguliwa na kuzungushwa mbele ya mlingoti, foromali, mti unaobeba tanga, inahamia upande wa pili, tanga linapiga kelele, na kwa nukta chache chombo hakina mwenyewe. Wanaochelewa hapo ndio wanaoshindwa. Tena Novemba kusi imekwisha na kaskazi haijashika sawasawa, hivyo nahodha anayesoma maji humpita mwenye chombo kipya.

Kando yangu alikaa mzee wa Matondoni, kijiji cha mafundi wa mashua. Nilimwamkia shikamoo, nikamuuliza nani anaongoza.

“Yule wa nyuma,” akajibu. “Mwanangu, wale wa mbele wameshikwa na mkondo. Ngoja.”

Tukangoja. Yule wa nyuma akawapita wawili, mzee akaagiza kahawa.

Kuna pia mashindano ya kuogelea, na ya punda, ambayo watoto huyapenda kuliko yote kwa sababu punda hajali amri ya mtu. Bao huchezwa vibarazani. Usiku watu huhamia Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome. Kirumbizi hutangulia: zumari, ngoma, na wanaume wawili wakitishana kwa fimbo bila kuumizana. Kisha taarab. Udi siku hizi hushindana na kinanda cha umeme, na fundi wa mitambo hupandisha sauti kana kwamba anawaita watu wa kisiwa cha Manda, ng'ambo ya maji. Ningemkata mkono. Lakini mwimbaji alipopunguziwa ala na kubaki na udi na dumbaki tu, akina mama walinyanyuka kwenda kutunza, na nyuma yao niliwaona vijana wa mashua, chumvi bado miguuni, wakiitikia kila kiitikio.

Ukienda, weka nafasi ya chumba mapema, maana mji hujaa. Na beba noti ndogondogo: mwimbaji akikukuna hutunzwa papo hapo, na kutafuta chenji Mkunguni usiku ule ni kazi.